Wiski kwa Anayeanza: Toti Moja, Maji Kidogo na Pua

Mtu akikuambia wiski ni chungu na inachoma, muulize aliinywa vipi. Mara nyingi utasikia hadithi ile ile: watu wanne walichanga wakanunua mzinga, soda ikaisha kabla ya chupa, mmoja akasema "malizeni, hairudi dukani," na kesho yake wote wakaapa hawataigusa tena. Kilichowashinda ni mwendo. Kinywaji chenye pombe ya asilimia 40 ukikinywa kwa kasi ya bia yenye asilimia nne au tano, kitakuangusha tu, hata kiwe cha bei gani.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima, miaka 18 kwenda juu, anayetaka kuijua wiski na burboni kwa utulivu, awe Kisumu, Nakuru, Kakamega au Kitale. Kama hunywi pombe na huna hamu nayo, kaa hivyo hivyo, hakuna unachokosa. Kama una mimba, unatumia dawa, ini lina shida, au unajijua ukianza husimami, hapa si pako. Wengine tuendelee.

1. Jua kilicho ndani ya chupa

Watu wa upande huu wa nchi wana bahati: nusu ya somo wanalijua tangu utotoni. Aliyekulia Bungoma, Vihiga au Siaya ameona busaa ikitengenezwa. Unga wa mahindi unakandwa kwa maji, unaachwa uchachuke siku kadhaa, kisha unakaangwa juu ya bati hadi uwe wa kahawia na kunukia boma zima. Baadaye unachanganywa na maji na kimea, yaani wimbi uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Kazi kubwa inafanywa na hicho kimea. Nafaka ikichipua, vimeng'enya vyake vinaamka na kugeuza wanga kuwa sukari, kisha hamira inakula sukari hiyo na kutoa pombe.

Kiwanda cha burboni huko Kentucky, Marekani, kinafanya jambo hilo hilo kwa matangi makubwa. Mahindi yanapikwa, kimea cha shayiri kinaongezwa, hamira inatiwa, na baada ya siku chache unapata kitu chachu chenye nguvu ya bia. Kinachemshwa, mvuke wake unapozwa, na kinachodondoka upande wa pili ni pombe kali isiyo na rangi. Mtu wa Kondele hapo atatabasamu, maana kangara nayo ikichemshwa na mvuke wake ukapozwa inaitwa chang'aa. Naam, wiski ikitoka kwenye mtambo ni nyeupe kama maji, na mtengenezaji anayejua kazi yake hukata matone ya kwanza na ya mwisho, akabaki na ya katikati.

Njia zinatengana kwenye pipa. Pipa la wiski ni la mbao za mwaloni, na la burboni lazima liwe jipya na liwe limechomwa moto ndani hadi likawa na ngozi ya mkaa. Joto likipanda, pombe inapenya kwenye mbao. Baridi ikija, inarudi nje imebeba rangi, harufu ya vanila na utamu wa sukari iliyoungua, huku mkaa ukinyonya sehemu ya ukali. Mkalenjin anayesugua kibuyu cha mursik kwa mkaa wa mti maalumu hahitaji kuelezwa kwamba chombo nacho hupika kinywaji. Rangi yote ya burboni inatoka humo, kwa sababu sheria ya Marekani hairuhusu kuiongezea rangi wala ladha. Skochi inaruhusiwa rangi ya karameli, kwa hiyo weusi wa wiski ya Uskoti usikudanganye kwamba imezeeka.

Sasa majina, kwa sababu kaunta itakuuliza.

Burboni ni wiski ya Marekani yenye mahindi yasiyopungua asilimia 51, ikakaa kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa. Bunge la Marekani liliitambua mwaka 1964 kuwa bidhaa ya nchi hiyo pekee. Nyingi inatoka Kentucky, ingawa sheria hailazimishi. Jack Daniel's inatoka Lynchburg, Tennessee, na kabla ya kuingia pipani huchujwa taratibu kwenye mkaa wa mti wa mepo. Jack mwenyewe alifunzwa kazi ya mtambo na Nathan Green, aliyejulikana kama Nearest, Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa popote, na mimi nikimimina Jack Daniel's mbele ya watu huwa nalitaja kwanza.

Skochi lazima ikae kwenye pipa la mwaloni ndani ya Uskoti miaka mitatu au zaidi. Ya Ireland, kama Jameson, nayo ni miaka mitatu, na mara nyingi huchemshwa mara tatu ndiyo maana inateleza. Mapipa ya burboni hayatumiki tena kwa burboni baada ya safari moja, basi mengi huuzwa Uskoti na Ireland. Ukionja vanila kwenye skochi, mahindi ya Kentucky yalipita hapo kabla yako.

2. Soma lebo kabla ya bei

Tafuta vitu vitatu tu. Cha kwanza ni nguvu: wiski halisi haishuki chini ya asilimia 40. Chupa za Marekani wakati mwingine huandika "proof", nayo ni asilimia mara mbili, kwa hiyo 80 ni asilimia 40 na 101 ni asilimia 50 na nusu. Cha pili ni umri. Namba 12 kwenye Black Label, skochi ya Johnnie Walker, maana yake ni kwamba hata wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo ina miaka 12. Chupa isiyo na namba si mbaya, haijasema tu. Burboni iliyoandikwa "straight" imekaa angalau miaka miwili.

Cha tatu ni jina la aina. "Single malt" ni kimea cha shayiri pekee kutoka kiwanda kimoja. "Blended" ni mchanganyiko wa wiski kadhaa. Lebo ikikwepa kusema wiski na kuandika "spirit" yenye ladha ya wiski, hiyo ni pombe ya kawaida iliyotiwa rangi na harufu. Si sumu, lakini usiitumie kujifunzia, maana haitakufunza kitu.

3. Nunua mahali penye jina la kupoteza

Hatua hii usiipite mbio. Pombe bandia inaua, na methanoli, aina ya pombe iliyo sumu, haina ladha ya kukuonya. Februari 2024 huko Kirinyaga zaidi ya watu kumi walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu, na wengine wakapoteza macho. Ulimi wako hautakusaidia, kwa hiyo kazi yote ifanyike kabla ya kufungua chupa.

Nunua supamaketi au kwenye duka la waini na spiriti ambalo limekuwepo muda, lenye leseni ukutani. Shika chupa mkononi, usiridhike kuiona rafuni. Angalia stempu ya ushuru ya KRA, kisha toa simu uisome kwa programu ya Soma Label, ambayo KRA yenyewe iliitoa kwa kazi hiyo. Jina linalotokea kwenye simu lilingane na la chupa. Zungusha kifuniko kidogo bila kukifungua; kikizunguka chenyewe bila kukatika pete, rudisha. Weka chupa mbili za aina moja sambamba uangalie kimo cha kinywaji, mshono wa lebo na herufi zake. Pindua chupa uitazame mwangani: wiski haina takataka zinazoelea.

Muuzaji akikwambia, "Hiyo usiscan, boss, ni ya duty free imetoka Busia," mwambie asante na uondoke. Inawezekana anasema kweli. Inawezekana pia ilijazwa kwenye beseni nyuma ya nyumba, na huna njia ya kujua. Hali kadhalika bei: mzinga unaouzwa nusu ya bei ya supamaketi hauna siri nyingine zaidi ya hiyo.

Na ikitokea mtu amekunywa kitu na kesho yake anaona ukungu machoni, kichwa kinamuuma kuliko kawaida na anapumua kwa haraka, asipewe maziwa, asipewe supu, asiachwe alale. Mpeleke hospitali mara moja, umwambie daktari ni pombe. Methanoli ina matibabu, lakini saa ndizo zinazoamua.

Kwa ukubwa, usianze na mzinga wa mililita 750. Spiriti hairuhusiwi kuuzwa kwenye chupa iliyo chini ya mililita 250, kwa hiyo kota ndiyo ndogo kabisa, na nusu inafuata. Bora kuliko zote ni kwenda bar nzuri ukanunua toti moja, yaani kipimo cha mililita 30, ya kitu usichokijua. Kuna ubishi wa kijinga kwamba anayenunua toti hana pesa. Toti moja ya wiski ya bei inakufundisha kuliko mzinga wa ile ya rahisi, na hutabaki na chupa usiyoipenda ikikukodolea macho kabatini.

4. Chagua ya kwanza kwa utamu

Wengi hapa huanza na VAT 69 au Red Label kwa sababu ndizo zilizoko mezani. Si kosa, ila zote mbili zimetengenezwa zikifikiria soda na barafu, na ukizinywa tupu siku ya kwanza utadhani wiski yote iko hivyo.

Mimi ningekuanzishia burboni. Mahindi yanaleta utamu, pipa jipya linaongeza vanila, na ulimi wa mgeni unakubali haraka. Jim Beam yenye lebo nyeupe inapatikana na haiumizi mfuko. Ukiweza kuongeza, Maker's Mark ni laini zaidi kwa sababu kwenye mchanganyiko wake ngano imechukua nafasi ya shayiri nyeusi (rye), ile nafaka inayoleta ukali wa pilipili manga. Ukitaka kuujua ukali huo wenyewe, siku nyingine jaribu Bulleit, yenye shayiri nyeusi nyingi. Zote hazipo kila duka. Kisumu na Nakuru utazipata kwenye supamaketi za mall na maduka makubwa, lakini miji midogo itabidi uagize au utumie mtu anayesafiri.

Baada ya burboni nenda Jameson, ambayo hata bar ya Mumias inayo. Kisha Black Label, ambayo ina moshi kidogo wa kukuonjesha yajayo. Kisha single malt laini kutoka bonde la Speyside, kama Glenfiddich au Glenlivet ya miaka 12. Zile za kisiwa cha Islay, Laphroaig na Lagavulin na Ardbeg, ziache mwisho kabisa. Kimea chake hukaushwa kwa moshi wa mboji (peat), yaani udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kama kuni, na mtu asiyejiandaa hunusa mara moja akauliza nani amemwaga dawa ya kidonda. Wapo wanaozipenda siku hiyo hiyo. Wachache.

5. Glasi, maji, na suala la joto la Kisumu

Glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba inakusanya harufu. Zipo maalumu za wiski, lakini glasi ndogo ya waini inatosha kabisa. Ile pana ya kuta nzito inapendeza kwa barafu, ila harufu inatawanyika. Kikombe cha plastiki, hapana.

Utasoma mahali pengi kwamba wiski inywewe katika joto la chumba. Chumba kipi? Waliosema hivyo walikuwa wanaishi kwenye baridi ya Uskoti. Nyumba ya mabati Nyalenda saa tisa mchana, nje ni digrii 30, wiski ikiwa na joto hilo inatoa mvuke wa pombe mtupu na pua haisikii kingine. Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, jioni ya Julai, shauri hilo linafaa bila marekebisho. Kisumu subiri jioni upepo wa ziwa ukianza, au weka chupa kwenye friji nusu saa tu kabla ya kumimina, au tumia kipande kimoja kikubwa cha barafu. Barafu ndogo ndogo nyingi zinayeyuka kabla hujaketi vizuri na kukuachia maji ya rangi.

Sasa maji, ambayo ndiyo siri kubwa ya mambo haya yote. Watu wengi wanaona aibu kutia maji kwenye wiski, kana kwamba ni kuogopa. Wachanganyaji wa viwandani wenyewe huipunguza hadi karibu asilimia 20 wanapoipima kwa pua. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba maji yakiongezwa, molekuli ya guayakoli, inayobeba harufu ya moshi, husogea juu kwenye uso wa kinywaji, karibu na pua yako.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Toti ya mililita 30 yenye asilimia 40 ukiitia vijiko viwili vya chai vya maji, inashuka hadi asilimia 30. Ukiitia maji sawa na yenyewe, inafika 20. Mgeni aanze na hivyo vijiko viwili, halafu kila siku apunguze au aongeze hadi ajue pake. Tumia maji ya chupa au yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya mfereji yenye klorini yanaharibu kila kitu.

6. Nusa, kisha uonje

Kula kwanza. Ugali na samaki, chapati na maharagwe, chochote, bora tumbo lisiwe tupu. Epuka pilipili kali na sigara muda mfupi kabla, na usijipulizie manukato.

Mimina toti moja. Zungusha glasi polepole, wiski ipande ukutani na kuteremka kwa michirizi. Kuna watu hutoa hotuba ndefu juu ya michirizi hiyo. Wape dakika zao, wewe endelea.

Lete glasi usawa wa kidevu, si ndani ya pua. Fungua mdomo kidogo na uvute hewa taratibu kwa pua na mdomo pamoja. Ikikuchoma, umeisogeza mno. Ishushe, pumua hewa ya kawaida, rudi. Mara ya kwanza utasikia pombe tu. Mara ya tatu au ya nne kitu kitaanza kujitokeza, na hapo usitafute maneno ya wazungu kwenye tangazo. Tumia pua uliyokua nayo. Kwenye burboni tafuta sukari guru inayochemka, kama unavyoisikia ukipita karibu na viwanda vidogo vya Kakamega. Tafuta vanila ya keki, njugu karanga za kukaanga, ndizi iliyoiva hadi ikapata madoa, mahindi ya kuchoma upande ule ulioungua. Kwenye Speyside kuna tufaha, peasi na asali. Ikiwa pipa lilibeba mvinyo wa sheri, kuna zabibu kavu. Kwenye Islay kuna moshi, chumvi, na samaki aliyekaushwa juu ya kuni. Ukisikia kitu ambacho hakuna mtu mwingine mezani anakisikia, hujakosea.

Sasa onja. Funda liwe dogo, kijiko cha chai hata hakijai. Usilimeze. Lizungushe ulimini, chini ya ulimi, kwenye ufizi, kama unalitafuna, kisha umeze na upumue nje kwa pua mdomo ukiwa umefungwa. Funda hilo la kwanza halihesabiki. Kinywa bado kinashtuka. Hukumu inatoka kwenye la pili. Angalia kilichobaki kooni: kinakaa au kinatoweka, kinabaki kitamu au kinageuka uchungu wa majani ya chai? Hapo ndipo wiski nzuri inapojitenga na ya bei rahisi, kuliko mahali pengine popote.

Weka maji ya kunywa pembeni. Toti moja ikichukua dakika 30, uko kwenye mwendo mzuri. Ukipenda, andika mstari mmoja kwenye simu: jina, maji kiasi gani, ulisikia nini, ungenunua tena au la. Baada ya chupa chache utajua unachopenda bila kuulizwa na mhudumu mara mbili.

7. Kuchanganya si dhambi

Siku ambayo hutaki masomo, changanya. Mimi burboni naipenda na Stoney Tangawizi, ndimu ikakamuliwa juu, kipimo kimoja cha wiski kwa vitatu vya soda. Tangawizi na vanila vinaelewana. Jameson na soda isiyo na sukari yenye barafu nyingi ni kinywaji cha mchana wa Dunga, ziwa likiwa mbele na samaki wakiwa bado motoni. Nakuru ikizizima, maji moto, asali, ndimu, karafuu mbili na toti ya Jameson kwenye kikombe. Haitibu homa, inakupa joto la kulalia.

Coke inafunika kila kitu, kwa hiyo isipewe single malt. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa: kafeini inakuficha ulevi wako, unadhani uko macho wakati miguu imeshaondoka.

8. Tengeneza chama

Tayari tuna chama cha mahari, cha shamba, cha sufuria. Cha wiski kinafanya kazi vile vile na ndiyo njia rahisi ya kujua chupa nyingi bila kufilisika. Watu watano wachange kiasi kile kile kila mwezi, chupa moja inunuliwe, mtunzaji awe mmoja, na kikao kimoja kiwe toti mbili kwa kila mtu, basi. Toti mbili za watu watano ni mililita 300. Chupa ya 750 inatoa vikao viwili na masalio, kwa hiyo kufikia mwezi wa tatu mna chupa zaidi ya moja za kulinganisha.

Kulinganisha ndiko kunakofundisha. Wiski moja peke yake ni ngumu kuieleza. Zikiwa mbili bega kwa bega, hata asiyejua kitu anaona tofauti. Mtunzaji aende jikoni, abandike karatasi yenye namba chini ya kila glasi, amimine nusu toti ya Jim Beam kwenye moja na nusu toti ya Jameson kwenye nyingine, azipange bila kusema. Waonje kimya, kila mtu aandike chake, ndipo glasi zigeuzwe. Kitu cha kwanza kitakachokufa mezani ni majivuno. Yule anayesema "mimi nakunywa Black Label pekee" mara nyingi ndiye anayeichagua Red Label kwa sifa nyingi, kisha anadai karatasi zilibadilishwa.

Sheria mbili za chama zisivunjwe. Chupa haimalizwi kwa sababu tu imefunguliwa. Na hakuna anayemwongezea mwenzake glasi bila kuombwa. Ile tabia ya "ongeza, mzee, bado mapema" iachwe mlangoni.

9. Kipimo na njia ya nyumbani

Toti moja ya mililita 30 ina pombe karibu gramu tisa na nusu, na ini linahitaji takriban saa nzima kuishughulikia. Kahawa haiharakishi, kuoga maji baridi hakuharakishi, na supu ya kutoa lock asubuhi inakurudishia chumvi na maji tu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara yoyote, kwa hiyo toti mbili kwa kikao, na siku kadhaa katikati bila kitu, zinatosha kabisa kwa mtu anayejifunza.

Ukiwa kwenye Flagyl, usinywe, na usinywe siku tatu baada ya kumaliza. Panadol kwa maumivu ya kichwa cha pombe isimezwe ovyo, maana inalibebesha ini mzigo juu ya mzigo. Dawa nyingine, muulize mfamasia, hata kama una haya.

Kurudi nyumbani kupangwe kabla ya toti ya kwanza. Kwa sheria ya mwaka 2010, ile inayoitwa ya Mututho, bar huuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na wikendi huanza saa nane mchana. Kuna nafasi ya kutosha ya kunywa pole pole na kupata teksi. Bodaboda si suluhisho la mtu aliyelewa: anaweza kuanguka akiwa abiria. Alkoblo, kipima pombe cha polisi barabarani, nayo haijui kama ulikunywa single malt.

10. Kutunza chupa iliyofunguliwa

Wiski haiendelei kuzeeka ndani ya chupa; yenye miaka 12 leo itabaki na 12 hata mwanao akioa. Isimamishe wima, usiilaze kama waini, kwa sababu pombe kali inakula kizibo. Iwe kwenye kabati lenye giza, mbali na dirisha na mbali na jiko. Chini ya mabati ya Kisumu, sehemu ya chini ya kabati ndiyo yenye nafuu. Ikijaa zaidi ya nusu, haina haraka, itakaa hata mwaka. Ikibaki robo, hewa iliyo ndani inaanza kuifubaza, basi ipangie kikao cha karibu.

Chupa ikiisha, hasa ya jina kubwa, usiitoe nzima. Kuna watu wanaozinunua na kuzijaza upya. Iloweke kwenye maji ya moto, bandua lebo, kata kifuniko kwa kisu, ndipo umpe anayekusanya chupa.